Wabajuni: Jamii ndogo ya mwambao ambayo historia yake imetawanyika mipakani

KAUNTI ya Garissa haina bahari. Pembe yake ya kusini-mashariki, katika misitu ya Ijara na Hulugho, hukomea nchi kavu, na kati yake na Bahari ya Hindi umelala ukanda mwembamba wa Lamu Mashariki ambao ni makao ya Wabajuni. Hata hivyo, anayetaka kuifahamu historia ya jamii hii ya wavuvi, mabaharia na wakulima hawezi kuzikwepa faili za utawala wa mpaka wa kaskazini, ule uliozaa Garissa na Mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki.

Sababu ni moja. Katika mwambao huo mipaka imehama mara nyingi kuliko watu. Kati ya mwaka 1875 na 1963, muda usiofika miaka mia moja, pwani inayoanzia visiwa vya Lamu hadi Kismayu iliguswa na Misri, Zanzibar, Ujerumani, Uingereza na Italia, kisha ikagawanywa baina ya mataifa mawili huru, Kenya na Somalia. Kila mtawala aliandika kwa lugha yake na kuhifadhi karatasi zake alikotaka yeye.

Matokeo yake ni kwamba jamii yenye watu wachache ina kumbukumbu zilizotapakaa Lamu, Mombasa, Nairobi, Zanzibar, London na Roma. Suala hili si la wasomi peke yao. Katika Kenya ya leo, madai ya ardhi, maombi ya vitambulisho na hata kesi za kimataifa kuhusu mipaka huamuliwa kwa ushahidi wa karatasi, na asiyejua karatasi yake ilipo huhesabiwa kuwa hana.

WABAJUNI NI NANI

Wabajuni ni tawi la Waswahili wa kaskazini. Huitwa pia Watikuu, na katika maandishi ya zamani Wagunya. Lahaja yao, Kibajuni au Kitikuu, ni miongoni mwa lahaja za kaskazini kabisa za Kiswahili, ikipakana na Chimwini cha mji wa Barawa, Somalia.

Makazi yao ya asili ni kisiwa cha Pate upande wa Faza, visiwa vya Ndau na Kiwayu, vijiji vya bara kama Mkokoni, Kiunga na Ishakani, na ng'ambo ya mpaka, visiwa vya Chula, Chovai, Koyama na Ngumi hadi Kismayu penyewe. Masimulizi yao hutaja koo kumi na nane, na mengi huianzia habari Shungwaya, nchi ya kale ambayo pia hutajwa na Wamijikenda kuwa chimbuko lao.

Maisha yao yalisimama juu ya nguzo mbili, bahari na shamba. Walivua samaki, kamba na kobe, wakatumia chazo, samaki anayeng'ang'ania, kuwanasa kobe hao. Walikata boriti za mikoko na kusafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Chombo cha kale kinachohusishwa nao zaidi ni mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba pasipo misumari. Msimu wa kilimo ulipowadia, wengi wa visiwani walivuka hadi bara kulima, na usiku wa kuamkia siku ya kuchoma kichaka waliimba vave, utungo wa wakulima wenye kanuni zake.

Majirani wao wa bara ni Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, wawindaji na warina asali wanaokaa pande zote mbili, Lamu na Garissa. Wengine ni Waorma na Wasomali wafugaji. Uhusiano wa makundi haya ulikuwa wa kubadilishana bidhaa, wa ndoa, na mara nyingine wa vita.

TARIKHI NA MAGOFU

Kumbukumbu za kabla ya ukoloni ni za aina tatu: maandishi ya wenyeji, maandishi ya wageni, na magofu.

Katika maandishi ya wenyeji, lililo mashuhuri zaidi ni tarikhi ya Pate, habari za wafalme wa ukoo wa Nabahani. Inaelezwa kwamba nakala ya asili ilipotea mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Tulicho nacho kimetokana kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu ya msimulizi mmoja, Bwana Kitini. Masimulizi hayo yalichapishwa kwa njia mbalimbali na Stigand mwaka 1913, Alice Werner mwaka 1914 na 1915, na Heepe mwaka 1928. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva aliziweka pamoja nakala zilizojulikana. Iko pia tarikhi ya Lamu, iliyoandikwa na Shaibu Faraji na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1938.

Tarikhi hizi ni hazina, lakini ni habari za watawala. Watikuu hutokea humo kama raia, askari au waasi, na ni nadra kuonekana kama wasimulizi.

Maandishi ya Wareno yana kasoro kama hiyo. Faza, mji wa Wabajuni ulio kisiwani Pate, umeandikwa humo kwa sababu ya adhabu. Mwaka 1587 manowari za Ureno chini ya Martim Afonso de Melo ziliuteketeza mji huo na kumuua mtawala wake, kwa kosa la kumuunga mkono Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki. Mji uliinuka tena baadaye. Wareno waliandika zaidi kuhusu siku ulipoanguka.

Magofu ndiyo yanayosema bila mkalimani. Katika pwani ya Kiunga, hasa Ishakani, yapo makaburi ya mawe yenye mapambo ya kuchongwa. Makaburi ya pwani hii yalichunguzwa na Thomas Wilson katika miaka ya 1970. Upande wa Somalia, Neville Chittick alipita akiandika orodha ya magofu hadi visiwani na kuichapisha mwaka 1969. Kazi hizo zinathibitisha kwamba miji ya mawe ilisimama bara, mkabala na visiwa, karne nyingi kabla ya ofisa yeyote wa Ulaya kuandika kwamba bara hiyo ni pori lisilo mwenyewe.

MIKONONI MWA WATAWALA WENGI

Oktoba 1875 majeshi ya Khedive wa Misri yalitua Kismayu, yakaondoka baada ya muda mfupi kwa shinikizo la Uingereza. Sultani wa Zanzibar akabaki mwenye bendera.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziliafikiana juu ya mipaka ya milki ya Sultani. Ukanda wa maili kumi ulihesabiwa kutoka kusini hadi Kipini, penye mlango wa Mto Tana. Kaskazini ya hapo Sultani aliachiwa visiwa vya Lamu na miji ya bandari kama Kismayu na Barawa. Maana yake ni kwamba bara ya Wabajuni, kutoka mkabala wa Pate kuelekea Kiunga, iliachwa nje ya ukanda huo.

Pengo hilo halikukaa wazi. Oktoba 1889 Ujerumani, ambayo tayari ilikuwa imejitwalia Witu, ilitangaza himaya juu ya pwani yote hadi Kismayu. Miezi michache baadaye, katika mkataba wa Julai 1890 ulioipa kisiwa cha Heligoland, iliyaachia maeneo hayo kwa Uingereza. Wabajuni walibadilishiwa mtawala mara mbili bila hata askari kuonekana katika vijiji vingi.

Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliitwaa nchi kutoka kwa kampuni ya IBEA, na Jubaland ikawa mkoa, makao yake makuu yakiwa Kismayu. Utawala huo ulikuwa dhaifu. Novemba 1900 mkuu wake, Arthur Jenner, aliuawa na Wasomali wa Ogaden akiwa safarini bara. Tangu hapo ripoti nyingi za Jubaland ziliandikwa kwa jicho la usalama, na Wabajuni, kwa kuwa hawakupigana na serikali, walipewa mistari michache tu.

Ipo tofauti nyingine ya kisheria ambayo wasomaji wengi hawaijui. Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920, ukanda wa Sultani pamoja na visiwa vya Lamu ulibaki kuitwa himaya, na bara ya kaskazini ikawa sehemu ya koloni. Mkulima aliyelala Faza na kuvuka asubuhi kwenda shambani kwake bara alikuwa akitoka katika nchi ya Sultani na kuingia katika nchi ya Mfalme wa Uingereza, akiwa na jembe lile lile mkononi. Visiwani madai ya ardhi yalikuwa na mizizi katika sheria ya dini na hati za kadhi. Bara, ardhi isiyo na hati ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Ugomvi mwingi wa ardhi wa miaka ya baadaye una chanzo chake hapa.

MWAKA 1925: JAMII YAKATWA VIPANDE VIWILI

Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na washirika wake waliiahidi Italia fidia ya ardhi barani Afrika iwapo ingejiunga nao. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa mkataba wa Julai 1924, na mwishoni mwa Juni 1925 Jubaland ikakabidhiwa Italia pamoja na Kismayu. Waitalia waliiita Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya Juba, na mwaka uliofuata wakaiunganisha na koloni lao la Somalia.

Mpaka mpya uliishia baharini karibu na Ras Kiamboni, mahali ambapo mkataba ulipataja kwa jina la Dar es Salam, kijiji kisichohusiana na mji mkubwa wa Tanzania wenye jina hilo. Tume ya wapimaji ilipanda vigingi, na makubaliano yao ya mwaka 1927 yakathibitishwa na serikali mbili mwaka 1933. Kigingi cha mwisho kabla ya bahari ni kile chenye nambari 29.

Kwa wanasiasa wa London na Roma kigingi hicho kilimaliza shauri. Kwa Wabajuni kiliwatenganisha ndugu wa Kiunga na ndugu wa Chula. Mitumbwi iliendelea kupita kwa sababu samaki na pepo havikujua kigingi, lakini kumbukumbu zilikoma kusafiri pamoja. Tangu mwaka huo habari za kusini ziliandikwa kwa Kiingereza na za kaskazini kwa Kiitaliano.

Maelezo mawili yaliyochapishwa nyakati hizo yana thamani ya pekee. Juxon Barton alichapisha taarifa yake juu ya visiwa vya Wabajuni mwaka 1922, na J. A. G. Elliott akaeleza ziara yake visiwani humo katika jarida la mwaka 1925 na 1926. Ni picha za mwisho za visiwa vyote vikiwa bado chini ya utawala mmoja au vikiwa vimetoka tu mikononi mwake. Kwa upande wa Italia, kazi kubwa kuliko zote ni ya Vinigi Grottanelli, Pescatori dell'Oceano Indiano, iliyotoka mwaka 1955 na kueleza uvuvi, nyumba, koo na desturi kwa mapana. Mholanzi A. H. J. Prins aliandika juu ya Waswahili wote mwaka 1961 na juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965.

GARISSA NA WILAYA ZILIZOFUNGWA

Baada ya mwaka 1925 nchi ya wafugaji iliyobaki upande wa Kenya iliendelea kutawaliwa kama mpaka wa kaskazini, na Garissa ikawa mojawapo ya wilaya zake. Sheria ya wilaya za mbali ya mwaka 1902 ilimpa mkuu wa serikali uwezo wa kuzifunga wilaya hizo, na sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ikaongeza nguvu za maofisa. Mtu hakuingia wala kutoka pasipo kibali.

Lamu, pamoja na Kiunga, iliendelea kuhesabiwa upande wa Pwani. Hata hivyo msitu wa Boni, visima vyake na njia za mifugo vilihusu pande zote mbili. Wasomali walishuka na ng'ombe hadi Lamu kuuza. Waboni waliwinda pasipo kujua wilaya inaanzia wapi. Kwa hiyo jambo lililotokea nyuma ya Kiunga lingeweza kuandikwa Lamu kama suala la mashamba, na Garissa kama suala la malisho au usalama. Mtafiti anayesoma upande mmoja hupata nusu ya habari.

VITA VILIVYOHAMISHA VIJIJI

Mwaka 1962 tume ilizunguka wilaya za kaskazini kuuliza wananchi wanataka kuwa chini ya nani. Machi 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza kuundwa kwa jimbo la saba, Kaskazini Mashariki, likiwa na makao yake Garissa, badala ya kulikabidhi kwa Somalia kama walivyotaka Wasomali wengi. Uhuru ulipatikana Desemba 12, 1963, na kabla ya mwezi huo kwisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Vita vya Shifta vilianza.

Historia ya vita hivyo husimuliwa zaidi kwa upande wa Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo, na ni haki, kwa kuwa huko ndiko raia walikoswagwa vijijini chini ya ulinzi na mifugo yao kuangamia. Kinachosahaulika ni kwamba vita vilifika pwani. Wabajuni wa bara, waliokuwa wakilima pamba, mtama na ufuta nyuma ya fukwe, walishambuliwa na kukimbilia visiwani, na wengine hadi Malindi na Mombasa. Vijiji kama Rubu, Mambore na Ashuwei vilihamwa. Walionusurika walipoteza shamba, na baada ya shamba kuota kichaka walipoteza pia alama ya kuonyesha kwamba lilikuwa shamba.

Vita vilikoma kwa makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali dhidi ya mashtaka kwa matendo ya kipindi hicho. Sheria hiyo ilitaja Mkoa wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Kutajwa kwa Lamu ni ushahidi wa Serikali yenyewe kwamba vita vilikuwa huko pia.

Katika miaka ya 1970 sura ya nchi ilibadilika tena. Hifadhi za wanyama za Boni, upande wa Garissa, na Dodori, upande wa Lamu, zilitangazwa mwaka 1976, na hifadhi ya bahari ya Kiunga mwaka 1979. Waliokuwa wamehama walikuta bara ya mababu zao ina kanuni mpya.

Pigo jingine lilitoka kaskazini. Dola ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya Somalia, wasio na silaha wala wanamgambo, walikimbia kwa majahazi hadi Mombasa. Kambi za pwani zilipofungwa mwishoni mwa muongo huo, baadhi ya wakimbizi walipelekwa kambi za Kakuma na Dadaab. Dadaab iko Garissa. Kwa njia hiyo ndefu, vizazi vya wale waliokatwa na mpaka wa 1925 viliingia katika madaftari ya Kaskazini Mashariki kwa jina la wakimbizi.

KARATASI ZIKO WAPI

Kituo cha kwanza ni makavazi ya nyaraka za taifa jijini Nairobi, yaliyo katika jengo la zamani la benki kwenye Barabara ya Moi. Faili zimepangwa kwa ofisi zilizozitoa. Za Jubaland huanza na alama PC/JUB, za Kismayu DC/KISM, za mpaka wa kaskazini PC/NFD, za Garissa DC/GRA na za Lamu DC/LAM. Humo mna ripoti za mwaka, vitabu vya kumbukumbu za siasa na taarifa ambazo ofisa aliyehamishwa alimwachia aliyempokea. Taarifa hizi za mwisho mara nyingi husema ukweli kuliko ripoti za mwaka, kwa kuwa hazikuandikwa kumpendeza mkubwa.

Kwa kawaida nyaraka za Serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 zimempa raia nguvu zaidi ya kudai taarifa.

Si kila kitu kimesalia. Moto wa mwaka 1939 katika ofisi kuu ya serikali Nairobi uliteketeza faili nyingi. Mara nyingi nakala iliyobaki ni ile iliyokuwa wilayani au ile iliyopelekwa London. Huko, barua za makoloni zimo katika makavazi ya taifa ya Uingereza, na mwaka 2011, kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili zilizohamishwa kutoka makoloni wakati wa uhuru. Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, nacho kina filamu za nyaraka nyingi za Kenya zilizopigwa katika miaka ya 1960.

Makavazi ya Zanzibar, yaliyoko Kilimani, yana barua za utawala wa Sultani na za mabalozi. Kuhusu lugha na jamii, mwanaisimu Derek Nurse alikusanya msamiati, majina ya mahali na habari za Wabajuni na kuziweka wazi kwa wasomaji kupitia chuo kikuu chake huko Newfoundland, Kanada.

Zipo pia kumbukumbu za nyumbani, ambazo hakuna aliyeziandikia orodha: hati za waqfu, vyeti vya ndoa vya kadhi, mikataba ya mashamba, nasaba za koo na daftari za manahodha, nyingi zikiwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Maadui wake ni mchwa, unyevu wa bahari na moto. Mwaka 2009 moto mkubwa ulichoma mamia ya nyumba mjini Faza. Nyumba hujengwa upya, lakini hati iliyoungua ndani yake hairudi.

MAJINA YANAYOPOTOSHA

Msomaji wa faili hizi hukwama mapema kwa sababu ya majina. Maofisa wa Kiingereza waliandika Bajun, Gunya au Tikuu kwa watu wale wale. Ras Kiamboni iliitwa Dick's Head, na Burgavo iliitwa Port Durnford. Katika karatasi za Waitalia, Chula ni Ciula, Chovai ni Ciovai, Koyama ni Coiama na Kismayu ni Chisimaio. Anayetafuta kwa tahajia moja huambiwa hakuna kitu, na kumbe faili iko rafuni.

Jambo la pili ni jicho la mwandishi. Maofisa wengi walipenda kuainisha: huyu Mwarabu, huyu Msomali, huyu Mwafrika. Wabajuni hawakuingia vizuri katika kisanduku chochote kati ya hivyo, na kodi, haki ya ardhi na heshima ya mtu vilitegemea kisanduku. Kwa hiyo ofisa mmoja angewahesabu upande huu na mwenzake akawahesabu upande ule. Anayesoma ripoti hizo hana budi kuuliza ziliandikwa kwa kusudi gani kabla ya kuzitegemea.

UZITO WA KARATASI LEO

Mifano ya karibuni inaonyesha kwamba kumbukumbu hizi hazijalala. Oktoba 12, 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya. Majaji walipotafuta mahali nchi kavu inapokutana na bahari, walirudi kwenye mkataba wa 1924 na makubaliano ya wapimaji, na kuanzia kigingi nambari 29. Bahari waliyoigawanya ni malindi ya Wabajuni tangu kale.

Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya takriban Sh1.76 bilioni kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, baada ya kuridhika kwamba haki zao, zikiwemo za uvuvi wa jadi, zilikiukwa.

Kuhusu ardhi, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliipa Tume ya Taifa ya Ardhi mamlaka ya kupokea madai ya dhuluma za kihistoria, lakini kwa muda wa miaka mitano tu. Muda huo ulipita mwaka 2021. Walioweza kuambatisha ramani, ripoti au stakabadhi ya kodi walikuwa mbele ya wale waliobeba kumbukumbu vichwani.

Kitambulisho nacho ni shida ya wakazi wa mpakani, Garissa na Lamu kwa pamoja. Kwa miaka mingi mwombaji alihojiwa na kamati kuhusu wazazi, babu na kijiji chake. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, kuondolewa kwa uchunguzi wa ziada uliowabagua wakazi wa eneo hilo. Ng'ambo ya bahari, katika miaka ya 2000, Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza walipimwa kwa lahaja yao na kuulizwa majina ya visiwa na koo. Msamiati uliokusanywa na wanaisimu uligeuka kuwa ushahidi mahakamani.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyosikiliza ushahidi Garissa mwaka 2011 na kutoa ripoti yake mwaka 2013, iliweka katika maandishi dhuluma nyingi za kaskazini na za pwani. Ripoti hiyo sasa ni sehemu ya kumbukumbu zenyewe. Lakini ushahidi wa tume hutegemea wazee waliokuwa hai siku ile. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 vijiji vya bara vilipohamwa amekwisha kupita miaka 80.

Kwa sababu hiyo kazi iliyobaki ina mpangilio wake. Kwanza ni masimulizi ya wazee, yarekodiwe pamoja na majina ya mashamba, visima na mipaka yake, kwa kuwa wao hawangoji. Pili ni hati za nyumbani, zipigwe picha kabla ya kuombwa na mtu yeyote, na nakala yake ikae mahali pengine mbali na bahari. Faili za Nairobi, London na Roma zifuate, kwa kuwa hizo zina kuta na walinzi. Zikiwekwa pamoja, Kiunga na Garissa zitajikuta zinasoma sura za kitabu kimoja.